Jeli Tupu: Mwongozo Kamili wa Kufikia Jeni la Salmonella Kutoka Choo cha Mgonjwa

Picha ninayotumiwa mara nyingi na wanafunzi wa maabara hapa Mwanza ni ya jeli, kile kibamba kinachopitishiwa umeme ili vinasaba vionekane kama mikanda. Ngazi ya vipimo inang'aa upande mmoja, kwingine kote giza. Chini ya picha kuna swali lilelile: "Nibadilishe joto la PCR?", yaani la mashine inayonakili kipande cha vinasaba mara nyingi.

Kwa kawaida, hapana. Jeli tupu hutengenezwa wodini na kwenye sahani ya petri, siku kadhaa kabla mashine ya PCR haijawashwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kopo la choo. Ukifika kwenye mashine utakuta kazi kubwa imeshaisha.

Nimechagua Salmonella, bakteria wa kuhara na taifodi, kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi wanaochunguza vinasaba vya vimelea vya chakula kwa wagonjwa wa hospitali.

## Andaa hivi kwanza

Karatasi: kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), ruhusa ya mganga mfawidhi, fomu ya ridhaa ya Kiswahili, dodoso. Kama vimelea au vinasaba vitavuka mpaka kwenda kusomwa nje, mkataba wa kuhamisha sampuli uanze kushughulikiwa sasa. Ukisubiri umalize kuotesha, friza itajaa na karatasi haitakuwa imesainiwa.

Wodini: makopo yenye mfuniko wa kuzungusha, vijiti vya pamba, chupa za Cary-Blair (za kusafirishia choo), boksi la barafu lenye kipimajoto ndani.

Kuotesha: aga (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) za XLD na MacConkey, aga ya kawaida isiyo na chumvi za nyongo, mchuzi wa selenaiti, TSI (aga ya sukari tatu na chuma), yurea, antisera ya O ya mchanganyiko (seramu ya kutambua Salmonella), lupu, sindano ya kuoteshea, inkubeta ya nyuzi 37.

Vinasaba: tubu za mililita 1.5, kikanza tubu, sentrifuji, bafa ya TE, maji safi ya PCR, mchanganyiko tayari wa PCR wa mara mbili, praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha unakili), agarosi, bafa ya TAE, rangi ya kuwakisha vinasaba, ngazi ya bp 100 (bp ni jozi za herufi za vinasaba; ngazi ni kipimo cha urefu wa mikanda).

Vimelea vya kulinganishia: Salmonella ATCC 14028 na E. coli ATCC 25922 (ATCC ni hifadhi ya vimelea vinavyojulikana). Bila hivi viwili usianze. Omba kwenye maabara kubwa ya jirani, subiri, au ahirisha kazi. Bila hivyo hutaweza kujua kama jeli tupu inatokana na mgonjwa au na mkono wako.

Jambo moja la hapa kwetu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Otoklevu ikionyesha 15 psi kwenye geji, ndani hujafika nyuzi 121. Uko karibu na 119. Utahitaji kama 17 psi. Fuata kipimajoto cha mashine, siyo geji, na weka kiashiria cha kuua vimelea katika kila mzigo. Aga ambayo haikuiva vizuri huotesha vitu usivyovipanda.

XLD na selenaiti hazipiti kwenye otoklevu hata kidogo. Zichemshe tu huku ukikoroga, kisha uziondoe motoni mara moja. XLD iliyochemshwa kupita kiasi huganda chembechembe. Selenaiti ikishaweka mashapo mekundu kama tofali, mwaga. Tena ni sumu: vaa glavu, na mwenzako mjamzito asiipime unga wake.

## Hatua ya 1: Muulize mgonjwa kuhusu dawa kabla ya chakula

Dodoso nyingi huanza na "Ulikula nini?" Anza na "Umekunywa dawa gani kabla ya kuja?" Wagonjwa wetu wengi hupita duka la dawa kabla ya kufika hospitali, na wengine hubaki na vidonge vya mgonjwa aliyetangulia nyumbani.

Aliyemeza siprofloksasini au azithromaisini jana, kimelea chake huenda kisiote kabisa. Mwandike kwenye kundi lake, usimchanganye na wengine. Aliyemeza metronidazo peke yake usimtupe, kwa kuwa dawa hiyo haiui Salmonella. Nimeona tasnifu zilizopoteza sehemu nzuri ya wagonjwa kwa kuandika tu "ametumia antibayotiki" bila kuuliza ipi.

Kisha chakula. Salmonella ya kuhara huchukua kati ya saa 6 na siku 6 kuonyesha dalili, kwa hiyo uliza wiki nzima, si chakula cha jana usiku. Uliza kwa majina ya vyakula vya hapa: dagaa waliokaushwa mchangani au kwenye vichanja, sato wa kuchoma, kachumbari, chipsi mayai, juisi ya miwa, maji ya ziwa yasiyochemshwa. Swali la "vyakula vya baharini" halimwambii kitu mama wa Kirumba.

Taifodi ni habari nyingine. Huweza kuchukua wiki moja hadi tatu, hakuna anayekumbuka alichokula, na wiki ya kwanza damu hutoa kimelea vizuri kuliko choo. Ukimshuku mgonjwa kwa taifodi, omba damu ya kuotesha pia. Widal (kipimo cha damu cha taifodi) iliyosoma juu haikupi kimelea mkononi, na bila kimelea huna cha kutoa vinasaba.

Tahadhari: choo cheupe kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Toa taarifa wodini papo hapo. Sampuli hiyo inahitaji maji ya peptoni yenye alkali na aga ya TCBS, si selenaiti.

## Hatua ya 2: Chukua sampuli na kuifikisha ikiwa hai

Chukua choo kabla ya dozi ya kwanza ya hospitali. Ongea na muuguzi wa zamu mapema, maana yeye ndiye anayejua ni nani anawekewa dripu saa ngapi.

Kopo lisiwe limeoshwa kwa jiki. Mgonjwa asichanganye mkojo. Chota sehemu yenye kamasi au damu, kama ipo, kwa kuwa ndipo bakteria walipo wengi. Ukitumia kijiti cha pamba kwa mtoto, lazima pamba itoke na rangi ya choo. Pamba nyeupe ni kijiti kilichopotea bure.

Choo kibichi kifike maabara ndani ya saa 2. Zaidi ya hapo kinakuwa na tindikali na vimelea dhaifu hufa. Shigella hutangulia, Salmonella huvumilia kidogo. Kama sampuli inatoka Sengerema kwa kivuko au Ukerewe kwa meli, iweke kwenye Cary-Blair, nyuzi 2 hadi 8, na ipandwe ndani ya saa 48. Barafu isiguse chupa moja kwa moja, kwa sababu kuganda huua pia.

Lebo ni namba ya utafiti, kamwe si jina la mgonjwa. Iandike ubavuni mwa kopo, maana mifuniko hubadilishana.

Umefaulu ukiona: saa ya kuchukuliwa, saa ya kufika na joto la boksi vimeandikwa kwa kila namba. Kopo lisilo na saa lirudishe.

## Hatua ya 3: Panda mara mbili

Siku ileile panda moja kwa moja kwenye XLD na MacConkey. Wakati huohuo tia choo cha ukubwa wa punje ya harage kwenye mililita 10 za selenaiti.

Kwa nini njia mbili? Mgonjwa mwenye bakteria wengi utampata kwenye sahani ya kwanza. Mwenye wachache anahitaji selenaiti, ambayo huwazuia E. coli kwa muda ili Salmonella watangulie. Kwa muda tu. Baada ya saa 12 hadi 18 hamishia kwenye XLD mpya. Ukiiacha ikapita saa 24, E. coli watakuwa wamewakuta na kuwapita. Watu hupanda Ijumaa mchana na kurudi Jumatatu, kisha wanashangaa sahani kuwa njano tupu. Usipande selenaiti Ijumaa kama Jumamosi huji.

Baada ya saa 18 hadi 24 soma XLD. Unatafuta koloni (doa la bakteria walioota pamoja) jekundu lenye kitovu cheusi. E. coli huwa njano. Shigella ni nyekundu bila weusi. Proteus naye anaweza kuweka weusi, na ndiye anayewadanganya wengi. Usidharau koloni jekundu lisilo na weusi: Salmonella Paratyphi A haitoi gesi ya haidrojeni salfaidi, na Typhi, ile ya taifodi, huitoa kidogo sana.

## Hatua ya 4: Safisha koloni (hapa ndipo wengi wanapoanguka)

Koloni zuri jeusi kwenye XLD halimaanishi kimelea safi. Aga ya kuchuja, yaani inayozuia bakteria usiowataka, haiui kila kitu. Bakteria wengine huwa wamezimia tu chini ya koloni lako, hawaonekani. Ukilichota kwa lupu nene na kulipeleka kwenye PCR, umebeba umati.

Fanya hivi:

1. Kwa sindano, gusa kilele cha koloni moja lililokaa peke yake. Usiguse aga.
2. Chora kwenye MacConkey kwa pande nne. Subiri usiku mmoja. Makoloni yote yawe ya aina moja, yasiyo na rangi.
3. Chukua moja, chora kwenye aga ya kawaida. Usiku mwingine.

Aga ya kawaida ina sababu yake. XLD na MacConkey zina chumvi za nyongo, na chumvi hizo zikiingia kwenye tubu humziba kimeng'enya cha PCR pumzi. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya jeli tupu ninazotumiwa: mtu amechota koloni juu ya XLD na kulichemsha. Siku mbili za ziada zinauma unapokuwa na tarehe ya kuwasilisha, najua. Hakuna njia ya mkato hapa.

Umefaulu ukiona: sahani yenye makoloni ya umbo moja na ukubwa mmoja, hata ukiitazama kwa mwanga wa pembeni. Ukiona mawili yanayotofautiana, rudi namba 1.

## Hatua ya 5: Thibitisha, gandisha, peleka majibu

Choma TSI na panda yurea. Salmonella ya kuhara hutoa mteremko mwekundu, kitako cha njano, weusi na gesi. Typhi hutoa weusi mwembamba bila gesi. Yurea ikigeuka waridi, huyo ni Proteus. Mwage, usimpeleke mbele.

Antisera ya O ya mchanganyiko ishike (vimelea vigandamane) ndani ya dakika moja, huku tone la maji ya chumvi pembeni likibaki laini. Kama Typhi haishiki, chemsha mchanganyiko wake kwanza: ganda la Vi hufunika O.

Fanya kipimo cha dawa sasa. Kwa siprofloksasini tumia kidonge cha karatasi cha pefloksasini cha maikrogramu 5, kinachogundua usugu mdogo vizuri zaidi. Gentamaisini na sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili usiziripoti kwa Salmonella hata kama duara ni kubwa. Kwenye sahani zinaonekana kufanya kazi, kwa mgonjwa hazifanyi.

Majibu haya yaende kwa daktari leo. Mgonjwa hasubiri PCR yako.

Kisha gandisha kila kimelea kwenye mchuzi wenye gliserini asilimia 20, tubu mbili, nyuzi -80, kila moja kwenye friza tofauti kama unaweza. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikagoma, tubu ya pili ndiyo utafiti wako.

## Hatua ya 6: Toa vinasaba

Kwa PCR pekee, kuchemsha kunatosha. Chukua makoloni mawili matatu kutoka aga ya kawaida, yakoroge kwenye maikrolita 200 za TE. Yakiwa mazito kama uji umezidisha. Unataka ukungu tu. Kikanza tubu nyuzi 100, dakika 10, vifuniko vibanwe visifyatuke. Beseni la maji yanayochemka hapa Mwanza halitafika 100, kwa hiyo ukilitumia ongeza dakika 5. Weka kwenye barafu dakika 5, zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya 12,000 kwa muda wa dakika 5, hamisha maji ya juu kwenye tubu mpya. Usiguse mashapo ya chini.

Kwa kusoma jenomu yote (vinasaba vyote vya kimelea), kuchemsha hakufai. Tumia kiti ya nguzo za silika pamoja na kimeng'enya cha kula RNA, na mwishoni zungusha nguzo kavu dakika 2 ili ethanoli iishe. Ukisikia harufu ya spiriti kwenye tubu ya mwisho, bado hujamaliza.

Uwiano wa mwanga unaofyonzwa wa 260 kwa 280, unaoonyesha usafi wa vinasaba, uwe kati ya 1.8 na 2.0.

## Hatua ya 7: Andaa PCR

Gawa kazi katika sehemu tatu: meza safi ya kuchanganyia, meza ya kuongezea vinasaba, na chumba cha jeli. Unatembea kuelekea mbele tu. Pipeti ya chumba cha jeli hairudi kwenye meza safi, wala koti lako. Kama maabara ni chumba kimoja, changanya asubuhi kabla jeli yoyote haijafunguliwa.

Jeni tunalolenga ni invA, linalowasaidia Salmonella kupenya seli za utumbo. Praima hizi zimetumika tangu 1992:

- GTGAAATTATCGCCACGTTCGGGCAA
- TCATCGCACCGTCAAAGGAACC

Kila tubu ya maikrolita 25: mchanganyiko tayari 12.5, kila praima 1 (ya maikromola 10), maji 8.5, vinasaba 2.

Mashine: nyuzi 95 dakika 5, kisha mizunguko 35 ya 95 sekunde 30, 60 sekunde 30, 72 sekunde 30, mwisho 72 dakika 7.

Kila mzigo ubebe tubu tatu za ulinzi: Salmonella ATCC 14028, E. coli ATCC 25922, na maji matupu. Tubu ya maji ifunikwe mwisho kabisa, ili ishuhudie yote yaliyopita mezani.

Unganisha mashine kwenye UPS. TANESCO wakikata katikati ya mzunguko, usijaribu kufasiri kilichotoka. Tupa, changanya upya. Vinasaba vyako bado vipo.

## Hatua ya 8: Soma jeli

Agarosi asilimia 1.5 kwenye TAE, volti 100, kama dakika 45. Vinasaba hukimbilia upande chanya, waya mwekundu. Kuna jeli nyingi tupu ambazo sampuli zake ziliogelea kinyume na kuishia kwenye bafa.

Mkanda wa invA ni bp 284, yaani chini kidogo tu ya mkanda wa 300 wa ngazi. Usiangalie wagonjwa kwanza. Angalia tubu za ulinzi.

ATCC 14028 ina mkanda, E. coli na maji hazina. Jeli ni halali. Sasa soma wagonjwa.

ATCC 14028 haina mkanda. PCR yenyewe imeshindwa. Huna jibu la mgonjwa yeyote, hata wale walio hasi. Kagua praima, mchanganyiko ulioganda na kuyeyuka mara nyingi, na programu ya mashine.

Maji yana mkanda. Kuna uchafuzi. Tupa maji na praima ulizofungua, futa meza kwa jiki iliyozimuliwa na kisha maji, fungua tubu mpya. Usifiche jeli hii na kutumia "zilizo wazi". Hakuna iliyo wazi.

Ulinzi uko sawa, lakini mgonjwa mwenye TSI na antisera nzuri hana mkanda. Zimua vinasaba vyake 1 kwa 10, rudia. Mkanda ukitokea, kulikuwa na kizuizi. Usipotokea, endesha PCR ya jeni la 16S ambalo kila bakteria analo. Hilo likishindwa, vinasaba ni vibovu, rudi hatua ya 6. Hilo likifaulu, fikiria upya: baadhi ya Salmonella za aina za Senftenberg na Litchfield hawana sehemu hii ya invA, na wakati mwingine kimelea si Salmonella kabisa.

Mkanda wa 284 unasema "Salmonella" tu. Hausemi Typhi, hausemi Typhimurium (aina nyingine ya Salmonella), wala hausemi mgonjwa huyu na yule walikula sahani moja. Hapo ndipo tasnifu nyingi huruka mto usio na daraja.

## Hatua ya 9: Jenomu yote, na kuunganisha na chakula

Ukipata fedha za kusoma jenomu, tuma vinasaba vya nguzo vilivyowekwa kwenye bafa ya Trisi bila EDTA, kwani EDTA huvuruga vimeng'enya vya maandalizi.

Matokeo yakirudi, kagua ukubwa kabla ya kingine chochote. Jenomu ya Salmonella ni karibu herufi milioni 4.8. Ikija milioni 6 au zaidi, una vimelea viwili kwenye tubu moja, na kosa liko hatua ya 4. Kila herufi iwe imesomwa angalau mara 30.

Kisha tafuta aina (huandikwa ST na namba) kwa jeni saba: aroC, dnaN, hemD, hisD, purE, sucA na thrA. Kwa Typhimurium, ST313 inakuhusu sana, kwa kuwa ndiyo inayohusishwa na maambukizi ya damu Afrika kusini mwa Sahara, hasa kwa watoto wadogo na watu wanaoishi na VVU. ST19 ndiyo ya kuhara inayopatikana kote duniani. Ila namba moja ya ST kwa wagonjwa wawili haitoshi kudai mlipuko. Linganisha herufi moja moja za jenomu nzima.

Na ukitaka kusema dagaa wa mwalo fulani ndio chanzo, wachukue dagaa hao wiki ileile waliyolazwa wagonjwa, siyo miezi baadaye. Chakula hakiingii moja kwa moja kwenye selenaiti. Pima gramu 25, tia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, nyuzi 37 kwa saa 18, ndipo uhamishie kwenye mchuzi wa kuchuja na kuendelea na hatua ya 3. Bakteria waliopigwa jua juu ya kichanja wamejeruhiwa, na wanahitaji usiku huo wa kupona. Ukiwatia kwenye selenaiti wakiwa hivyo watakufa humo, nawe utaandika kuwa dagaa walikuwa salama.